Mama Kiragu na Njia ya Kwenda Miniapolisi

Mountain View, Nairobi
5 Februari 2006

Kwako mpwa wangu Nyawira,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa na joto la kutosha mwilini, maana redio ilisema huko kwenu mtu akitaka kuhifadhi nyama anaiweka tu nje ya dirisha. Sisi huku hatujambo. Mke wangu, anti yako Shiku, anakusalimu. Goti linamsumbua bado, lakini mdomo hauna shida. Mimi ningali maneja wa yale maghorofa ya Kileleshwa. Najua wewe huniita keateka. Keateka ni yule anayefagia ngazi. Mimi ndiye ninayeamua maji yafunguliwe saa ngapi, na hata wenye magari makubwa hunisalimia wao kwanza.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Kikuyu chako cha kusoma kina mashimo kuliko barabara ya Kangemi, na ile simu ya Jumapili ilikatika kabla sijakujibu. Saiba, kule kwa barua za kompyuta, siendi. Nilienda mara moja, kijana akaniuliza paswadi yangu ni nini, nikamwambia mambo ya nyumba yangu hayamhusu.

Sasa tuingie kwa jambo. Nimesikia unaolewa mwezi wa nane, na unataka nije nisimame mahali pa marehemu dada yangu Virginia, aliyekuzaa. Nimefurahi, na pia ni haki yangu. Kwetu Wakikuyu ndugu wa kiume wa mama yako ndiye unayemwita mama, na msichana hatoki nyumbani kabla mama huyo hajala mbuzi wake. Huyo Jeremy ameambiwa habari ya mbuzi? Mzungu aliyezoea nyama ya kufungwa kwa plastiki atajua mbuzi huanzia upande gani?

Kuhusu ndege usiwe na wasiwasi. Unanijua. Nimeingia ndani ya ndege nyingi kuliko marubani wa nchi hii. Mwaka wa 1981, nikiwa na kazi pale uwanja wa ndege wa Embakasi, nilishikwa na usingizi kidogo ndani ya choo cha ndege, nikaamka tuko juu ya Kairo. Kapteni aliponipata, badala ya kukasirika, alinivalisha kofia yake nimshikie usukani aende akanywe chai. Nikamwambia asiharakishe.

Lakini nimekaa nikafikiri kama mtu mzima. Yule mpangaji wa nyumba nambari sita ana ramani ya dunia ukutani. Nilipoenda kuangalia bomba lake nilipima njia kwa uzi. Kutoka Nairobi unakata Kongo, unatokea Kameruni, unaingia baharini na kunyooka mpaka Amerika. Sasa wewe unasema tiketi inapitia Amsterdam. Hiyo ni sawa na mtu atoke Kangemi akienda Kileleshwa, apitie Thika ili asalimie watu. Mnazungushwa. Kwa njia ya uzi wangu ni saa tisa, na kukiwa na upepo mzuri, nane. Mimi mtu wa ndege siwezi kupanda ndege iliyopotea hata kabla haijaondoka.

Kwa hivyo nashauri hivi. Umbali wa huku kuja huko ndio ule ule wa huko kuja huku. Njooni nyinyi. Hema tutaweka kwa uwanja wa kanisa hapa Mountain View, na Jeremy ataona mbuzi akiwa na miguu yake yote. Miaka saba hujaonekana. Hata mazishi ya mama yako hukuja, tukasema ndege zilikuwa zimejaa. Ni mwaka wa pili sasa, bado hazijapata nafasi?

Ni mimi mama wako,
Kiragu (Maneja)


Minneapolis
27 Februari 2006

Kwako mama Kiragu, maneja na kapteni msaidizi,

Salamu nyingi kwako na kwa anti Shiku. Mwambie goti alipake dawa, na mdomo auache ulivyo, maana kuna mtu humo nyumbani anauhitaji. Mimi niko salama. Theluji imefika kwenye vioo vya magari. Kazi ni ile ile ya kutunza wazee. Kila mzee ninayemwogesha ananiambia alivyoshinda vita peke yake, nami nasikiliza hadi mwisho. Wenzangu huniuliza subira hiyo niliitoa wapi. Siwaambii nilifundishwa na nani.

Nimefurahi kusikia kwamba ile ndege ya 1981 sasa imefika Kairo. Nikiwa darasa la pili ilikuwa ikiishia Mombasa. Nilipofanya mtihani wa darasa la nane ilikuwa imefika Entebbe. Inaongeza kilomita kila Krismasi na haijawahi kutiwa mafuta. Kwa mwendo huo itatua hapa kwangu kabla ya mwezi wa nane, wewe ukiwa ndani, chooni.

Sasa kuhusu uzi. Mama, dunia si meza. Ramani ya nambari sita imelazwa ili itoshe ukutani. Tafuta kitu cha mviringo, mpira au chungwa, au kichwa cha mtu mwenye nafasi, uweke alama ya Nairobi na alama ya hapa, halafu uvute uzi. Utaona unapanda kaskazini wenyewe, unakaribia Ulaya, ndipo unavuka bahari. Ni kilomita karibu elfu kumi na tatu. Ndege ni mbili, kila moja saa nane au tisa, na katikati unangoja Amsterdam. Unaondoka Jumanne usiku, Jumatano mchana nakupokea. Hakuna anayekuzungusha.

Harusi ya Nairobi haiwezekani. Ukumbi tumeshachukua, na Jeremy anafundisha watoto piano, hawezi kuwaacha. Tafadhali usiniulize hilo tena.

Nikuambie kitu kimoja bila mzaha. Kanisa lina pande mbili. Upande wa Jeremy watakaa watu sitini, maana babake peke yake ana ndugu wanane. Upande wangu una kiti kimoja chenye jina, na jina ni lako. Usipokuja nitaingia peke yangu, na mpiga picha ataambiwa ageuze kamera ili viti vitupu visionekane.

Paspoti unayo?

Nyawira


Mountain View, Nairobi
26 Machi 2006

Kwako mpwa wangu msomi,

Hatujambo, mvua imeanza na Shiku anakusalimu, ingawa kwa sasa hanisemeshi. Sababu ni kabichi. Ulisema kitu cha mviringo, na chungwa lingekuwa dogo kwa kazi ya heshima kama hii. Nilinunua kabichi kubwa pale soko la Kangemi, nikaichora Nairobi kwa kalamu ya wino, nikachora bahari, nikachora Miniapolisi. Yeye akaja akakata Ulaya yote akaitia kwa sufuria. Tulikula na wino kidogo.

Kabla haijakatwa nilivuta uzi, na kweli ulipanda juu ukapita karibu na Amsterdam. Mimi hilo nilikuwa nalijua. Nilitaka tu kuona kama wewe unalijua, kwa sababu siku hizi wasomi ni wengi na akili ni chache. Mimi nilifika darasa la saba, na la saba la enzi zile ndilo chuo kikuu cha sasa.

Hata hivyo kuna mambo ambayo hao wenye ndege hawajafikiria. Dunia inazunguka, hata mtoto anajua. Kwa nini ndege isipae tu juu ya Embakasi, itulie hapo, ingoje Miniapolisi ije yenyewe? Ingekuwa nusu siku, na mafuta kidogo. Halafu unasema nitaondoka Jumanne usiku nifike Jumatano mchana, nikiwa nimekaa safarini karibu siku nzima. Nimehesabu kwa vidole, nikaomba na vya Shiku, na kuna saa nane ambazo hazionekani. Zimeenda wapi? Ni saa za maisha yangu. Naondoka nikiwa mtu wa hamsini na mbili, sitaki kufika nimepunguzwa.

Paspoti yangu ya zamani, ile ya mihuri mingi, ililiwa na mchwa. Nimepiga foleni Nyayo House na sasa nina mpya. Kwenye picha ninafanana na waziri.

Jirani yangu Muthama, yule Mkamba wa teksi, amewahi kwenda Dubai kwa ndege, na tangu hapo hajanyamaza. Anasema juu ya bahari ndege huanguka ghafla kama lifti iliyokatika kamba, halafu inajikumbuka. Sisemi hivi kwa sababu yangu. Namwonea huruma Shiku, ni mwanamke mzuri na nguo nyeusi hazimpendezi. Kwa ajili yake nilienda mjini Alhamisi kuchunguza, nikapanda lifti ya lile jengo refu la mviringo, juu na chini, juu na chini, mpaka askari wa mlangoni akaniuliza nimeajiriwa na nani. Nikamwambia nafanya utafiti.

Na bado sijaelewa kwa nini msije nyinyi. Piano haina miguu, itawangoja hapo hapo.

Kiragu


Minneapolis
17 Aprili 2006

Kwako mama mtafiti,

Poleni na kabichi. Theluji imeyeyuka, sasa ni matope, na wazee wangu wameanza kutoka nje kuangalia ndege wa angani. Najua ungewaelekeza wale ndege watulie, dunia ijizungushe.

Wewe ukipaa juu ya Embakasi, hewa nayo inazunguka na dunia, na wewe umo ndani ya hewa. Utangoja Miniapolisi mpaka harusi iishe na watoto wazaliwe. Zile saa nane hazijapotea. Jua la huku huchelewa kuamka kuliko la kwenu, basi. Utazikuta zote siku ya kurudi, na hakuna atakayekupunguza. Ukipungua kidogo mdomoni hatutalalamika.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya mwaliko ya kupeleka ubalozini. Jeremy ameiandika mwenyewe. Alikataa nimsaidie, anasema anajifunza mambo yetu na hawezi kuoa kwa kutafsiriwa kila neno. Nilikuwa zamu ya usiku alipoifunga na kuilamba, kwa hivyo hata mimi sijaisoma. Lakini anakujua vizuri. Kila siku ananisikia nikisema mama Kiragu hiki, mama Kiragu kile.

Nimekuomba usiniulize habari ya kuja, na umeuliza tena.

Nyawira


Mountain View, Nairobi
21 Mei 2006

Kwako Nyawira,

Salamu. Shiku hajambo. Maji Kileleshwa yamekatika siku nne na wapangaji wamegundua kwamba keateka ana jina. Keti kabla hujaendelea kusoma.

Alhamisi nilienda ubalozini. Nilivaa suti ile ya mazishi, nikanyoa, nikaacha masharubu kwa sababu ya heshima. Nilipoitwa dirishani nilimkuta bwana mmoja mpole wa miwani, nikampa barua ya Jeremy. Akaisoma. Akaniangalia. Akaisoma tena, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna maelezo.

Nyawira, mchumba wako ameandika kwamba anamwalika mama mzazi wa bibi harusi, Bi. Kiragu.

Yule bwana akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye Bi. Kiragu. Sasa ningesema nini, na barua ni yetu? Nilimjibu kwa Kiingereza changu safi kwamba mimi ndiye mama wa bibi harusi.

Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyemzaa?"

Nikasema, "Hapana. Aliyemzaa ni mama yake. Mimi ni mama wake."

Akavua miwani. "Ana mama wangapi?"

"Wawili. Mmoja amekufa, mmoja ndiye huyu unayemwona."

Aliandika kitu kirefu. Halafu akamwita karani Mkenya amsaidie, kijana anaitwa Ajwang. Nikafurahi, nikajua tumefika nyumbani. Kumbe Mjaluo, Kikuyu hana hata cha kuombea maji. Akanihoji kwa Kiswahili, na hapo ndipo mambo yakaharibika kabisa, kwa maana kwa Kiswahili mama ni mwanamke, hana njia ya pili. Kila nikieleza Ajwang anatazama masharubu. Mwishowe alimwambia mkubwa wake, kwa sauti ya chini lakini mimi nina masikio, kwamba mzee anaonekana ni mtu mzuri, labda ni huzuni ya kufiwa.

Nimerudishiwa paspoti bila visa. Wamesema naweza kurudi nikiwa na barua inayosema mimi ni nani.

Kuna swali lingine yule bwana aliniuliza, lakini hilo nitakuambia siku nyingine.

Mwanangu, nimesikitika kupita kiasi. Siku hiyo nilikula sahani mbili za githeri kwa uchungu. Nikalala usingizi mzito, wa masikitiko, sijalala hivyo tangu Februari. Hata Muthama alisema uso wangu umenawiri kwa huzuni. Naona Mungu ana mipango yake na tusimlazimishe. Harusi inaweza kufanyika vizuri tu nami nikiwa hapa nawaombea. Jeremy anaweza kunitumia mbuzi wangu.

Kiragu


Minneapolis
8 Juni 2006

Kwako mama,

Habari za hapa ni nzuri, joto limefika, na tunakusalimu.

Nilimsomea Jeremy barua yako. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Tangu siku ya kwanza alidhani mama Kiragu ndiye mama yangu mzazi, na marehemu Virginia ni nani hakujua vizuri, akaona ni aibu kuniuliza. Mwaka mzima alikuwa akishangaa mama mkwe wake anavyopenda mambo ya mabomba. Kisha akauliza kama kuna mama wengine waliobaki, ili awaandike wote mara moja.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikarudia kusoma yale ya githeri, sikucheka tena.

Mtu mwenye uchungu hali sahani mbili. Mama, ulisafisha ndege pale Embakasi miaka minne. Ulipiga deki, ukakunja blanketi, ukaokota karanga chini ya viti. Najua, mamangu aliniambia nikiwa mdogo, na hakuniambia kwa dharau, aliona ni kazi nzuri. Umeingia kwenye ndege nyingi kweli. Zote zilikuwa zimeegeshwa.

Sasa nakuuliza, na nataka jibu la mtu mmoja kwa mwingine. Unaogopa?

Ukisema ndiyo sitacheka. Nitacheka, lakini baadaye, na nje ya nyumba. Lakini usinitumie Mungu, na kabichi, na goti la anti Shiku. Barua mpya iko ndani ya bahasha. Nimeisoma mwenyewe. Inasema mjomba, kaka wa marehemu mama wa bibi harusi. Ukirudi ubalozini, rudi kwa sababu unataka kuja. Usipotaka, niambie mapema, nikiondoe kile kiti mwenyewe. Sitaki kukiondoa asubuhi ya harusi nikiwa nimevaa shela.

Na ni swali gani lingine walilokuuliza?

Nyawira


Mountain View, Nairobi
9 Julai 2006

Kwako mwanangu Nyawira,

Shiku anakusalimu na ameninunulia soksi. Huku ni baridi ya Julai, ile ya kuvaa koti ndani ya nyumba, na Kangemi yote inanuka makaa. Maji ya Kileleshwa yamerudi, na jina langu limesahaulika tena.

Nilirudi ubalozini. Yule bwana wa miwani alinikumbuka, nadhani atanikumbuka hata akistaafu. Alisoma barua mpya, akaniambia pole kwa kufiwa na dada, akaniuliza kama siku hizi mimi ni mjomba peke yake. Nikamwambia ndiyo, vyeo vingine nimeviacha. Ajwang alisimama nyuma yake akinionyesha dole gumba. Visa nimepata.

Uliuliza swali lile lingine. Mara ya kwanza aliniuliza huyu bibi harusi alikuja nyumbani mara ya mwisho lini, na yuko huko kwa karatasi gani. Nyawira, mimi ni mtu wa kujibu kila kitu. Nimewahi kujibu hata maswali ambayo hayajaulizwa. Hapo nilimwambia tu kwamba unaandika barua nzuri. Akaniangalia kidogo, akaenda kwa swali lingine.

Nilitoka nikatembea mpaka Westlands kwa miguu. Nikaelewa kwa nini hukumzika Virginia. Ndege hazikuwa zimejaa. Ukitoka huko mlango unafungwa nyuma yako, na hujui kama utafunguliwa. Wewe ulijua hivyo siku tuliyokupigia simu, ukasema tu utajaribu, nami nikasimama kaburini nikawaambia watu kwamba ndege zimejaa, tena nikataja na kampuni.

Usinijibu kuhusu hili. Karatasi husomwa na watu. Baada ya harusi labda mambo yatanyooka, na hilo pia usiniandikie. Ila mimi nilikuambia umbali ni ule ule, nikalirudia hilo kama kasuku barua baada ya barua. Hapana. Mimi nina ndege mbili za kuja na mbili za kurudi. Wewe una za kuja tu.

Kuhusu lile swali lako la ndiyo au la, maswali kama hayo huulizwa watu wa kawaida. Embakasi nilikuwa mkaguzi wa usafi wa ndani wa vyombo vya anga, na marehemu dada yangu alipenda kufupisha mambo. Muthama ananipeleka uwanjani tarehe kumi na tano Agosti. Amesema atakuja mapema kwa sababu anataka kuniona kwa macho yake nikiingia. Nimemwambia alete kiti, atazame vizuri.

Mbuzi nimempunguzia Jeremy. Kuku atatosha, awe tu na miguu.

Kiragu


Minneapolis
25 Julai 2006

Kwako mama,

Salamu kwa wote. Nimesoma barua yako, nimeiweka chini ya mto, na sijibu lile uliloniambia nisijibu.

Kuna mambo machache ya safari. Wakikuambia funga mkanda, funga, usiwaeleze ulivyokuwa unafungwa zamani. Masikio yakiziba, tafuna kitu. Choo cha ndege ukikiona, kitumie halafu utoke. Kapteni akienda kunywa chai, mwache aende, ana msaidizi wake. Chakula kitakuja kidogo kidogo kwenye sahani ndogo, usiulize ugali uko wapi. Jeremy atasimama mlangoni na karatasi yenye jina lako. Nimemwandikia mimi.

Sehemu ngumu ni ile ya pili, ya bahari. Kama utashindwa, shindwa ukiwa Nairobi, anti Shiku akiwa karibu. Usishindwe Amsterdam. Huko sina mtu wa kukuchukua.

Nyawira


Uwanja wa ndege, Amsterdam
16 Agosti 2006

Nyawira,

Salamu nitazileta mwenyewe, ni nyingi na baadhi yake ni nzito. Barua yako ilifika Jumatatu. Muthama alituendesha mpaka uwanjani bila kusema neno, jambo ambalo Mountain View hawataliamini, na Shiku alilia akacheka akalia tena, sikujua nimfuate wapi.

Ndege ya kwanza imekwisha. Kuhusu mandhari sina la kukueleza kwa sababu niliamua kuyapumzisha macho. Karibu yangu alikaa mzee mmoja wa Meru anayekwenda kwa mwanawe, na alikuwa na wasiwasi mwingi, maskini. Nilimshika mkono kutoka Embakasi mpaka walipoleta chai. Aliomba arudishiwe mkono ili anywe, nikamrudishia. Baadaye nikauchukua tena, kwa faida yake.

Hapa kuna mambo ya ajabu. Ngazi zinatembea na watu wamesimama. Na hawataki mtu aingie kwenye ndege na chupa ya maji, wameweka pipa zima la kuzitupa. Chupa wanaiogopa, lakini bahari yote wanakupitisha juu yake.

Nitakuandikia jambo moja na sitalirudia. Kwenye ubao kuna ndege ya kurudi Nairobi leo leo. Mlango wake uko karibu na hapa. Nilienda kuuangalia. Nikarudi, nikakaa, nikaenda tena. Watu waliokuwa wamepanga mstari walikuwa wanaongea Kiswahili, mmoja anamlaumu mwenzake kwa mizigo, na nilisimama nikiwasikiliza kama mtu aliye nje ya dirisha la jikoni. Binti wa pale mezani akaniuliza kama naelekea Nairobi. Mdomo ulifunguka, unajua mdomo wangu, ukataka kumpa hadithi.

Nikamwambia hapana, nina harusi.

Nimenunua stempu hapo dukani. Wamesema barua itachukua wiki moja au zaidi. Maana yake nitakuwa nimeipita njiani, na siku utakapoifungua nitakuwa nimekaa hapo kwako nikiwaeleza ndugu wanane wa babake Jeremy jinsi bahari inavyoonekana kutoka juu. Ukiniuliza mbele yao mbona mwandiko umepinda namna hii, nitasema siujui ni wa nani, na kwamba Amsterdam mimi nililala tu, mpaka wakaja kuniamsha.

Wameita watu wa Miniapolisi. Nimesimama.

Kiragu